Nimekataa kusaini, sasa naitwa mbaya: jibu kwa mwalimu wa Morogoro

Swali: Shikamoo dada mshauri. Nina miaka 49, ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Morogoro. Nimeolewa miaka 24 na nina watoto watatu, mkubwa ni wa kiume, ana miaka 22, yuko nyumbani akisubiri ajira. Katika ukoo wa mume wangu mimi ndiye wa kukimbiliwa. Watoto wa mawifi wamesomea kwangu, kwenye misiba na harusi mhazini ni mimi, na mkopo wa mwisho niliochukua kazini ulikwenda kwenye ada ya mtoto asiye wangu. Sikuwahi kukataa. Mwezi uliopita shemeji alitaka nyumba yetu iwe dhamana ya mkopo wake wa biashara, mume akaniletea fomu ya ridhaa nisaini. Nikakataa. Mikono ilitetemeka, lakini nikakataa. Tangu siku hiyo mama mkwe hapokei simu yangu, mawifi wamenitoa kwenye grupu la WhatsApp, na mume anasema nimebadilika, labda ni umri. Ni kweli silali vizuri na nina hasira za karibu. Pia nimeanza kutamani mambo yangu ya zamani. Nilitaka sana kusoma sheria. Je, nimeharibika? Na kwa umri huu si nimeshachelewa?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu.

Nianze na fomu, maana ndiyo iliyofungua haya yote, na sitaki ulale hata usiku mmoja zaidi ukidhani umemdhulumu mtu. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inasema mwenzi mmoja hawezi kuuza nyumba ya ndoa, kuigawa, kuipangisha wala kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzake. Sheria ya Ardhi ya 1999 nayo inadai ridhaa hiyo kabla nyumba ya familia haijawekwa rehani. Kwa hiyo benki haikuleta ile karatasi kukupa heshima. Inajua kwamba mkopo ukishindikana, watakaotoka nje na vyombo vyao ni wewe na wanao pia. Uliulizwa swali ambalo sheria inataka uulizwe, ukajibu.

Nalisema hili mapema kwa sababu wanawake wengi ninaokaa nao hufika wakiwa wameshaikubali hukumu ya ndugu. Wanakuja kuomba dawa ya ukatili ambao hawana. Wewe uliona paa la wanao linawekwa rehani kwa biashara usiyojua hesabu zake, ukasema husaini. Mtu mwenye busara angefanya hivyo hata akiwa na miaka 25. Kilichowashtua wote, wewe ukiwamo, ni kuona kwamba kumbe unaweza.

Na huyo bibi harusi wa miaka 25 aliyeanza kuitikia kila kitu, usimlaumu. Alikuwa na akili yake. Aliingia katika ukoo wa watu, hajazaa, hajulikani, kila jicho linatazama anavyosonga ugali na anavyompigia mama mkwe goti. Kuitikia kwake kulikuwa kodi ya kukaa pale. Akimlea mtoto wa wifi, wifi humsifu. Akishika daftari la michango ya msiba, wazee husema kaka yetu ameoa. Kodi ile ilimpatia amani na nafasi, na nina hakika ilimkinga na mengi. Lakini hakuna aliyekuja kumwambia kwamba siku hizi pale ni kwake. Umezaa, umelea, umewauguza wazee wao, umejenga. Bado unalipa, na wao wameendelea kuipandisha: kwanza mgeni wa kulala, kisha ada, kisha mkopo wa mshahara, sasa hati ya nyumba.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, mwanasaikolojia wa Marekani aitwaye Dana Jack, aliyekuwa akiwasikiliza wanawake wenye sonona, aliona jambo lililojirudia kwa wengi wao. Walikuwa wakimeza mawazo yao ili uhusiano usivunjike. Waliamini kujijali ni uchoyo. Kwa nje walikuwa wapole na wenye kuridhika, kwa ndani wamejaa hasira. Yeye na mwenzake wakatengeneza dodoso la kupima kujinyamazisha huko, na watafiti wa nchi nyingi wamelitumia tangu wakati huo. Nawataja kwa sababu hizo hasira za karibu ulizoniandikia, ninavyozisoma mimi, hazikuzaliwa mwezi uliopita. Nyingine ni za miaka, na zilikuwa zimekosa pa kutokea.

Sikuambii uache kutoa. Kwetu mtu huzikwa na watu, na siku ya send-off ya mwanao watakaokaa kwenye kamati ni hao hao unaowachangia leo. Ninachokuomba ni utenganishe. Chukua daftari, andika kila ulichowapa watu mwaka huu, fedha na muda, na mbele yake andika ulivyojisikia siku ya pili yake. Usimwonyeshe mtu. Utakuta kuna vitu ulitoa ukavisahau. Ilibidi ukune kichwa ndipo uvikumbuke. Na kuna vitu unajua mpaka shilingi, mpaka tarehe, mpaka nani hakusema ahsante. Vile vya kwanza ni ukarimu wako wa kweli, ambao ndugu wa mumeo wana bahati kuupata, na sitaki upungue. Hivi vya pili ndivyo ulivyotoa kwa kuogopa. Ni hivyo tu tunavyovishughulikia. Mtu asiyeweza kukataa hana njia ya kujua kama anapotoa anapenda, na hata wanaopokea hawawezi kujua.

Sasa hilo la umri. Mumeo amegusa jambo la kweli, ila amelitumia vibaya. Shirika la Afya Duniani linasema wanawake wengi hufikia kukoma hedhi kati ya miaka 45 na 55, na miaka kadhaa kabla ya hapo homoni ya estrojeni hupanda na kushuka bila mpangilio. Ndipo usingizi hukatika saa nane usiku, joto la ghafla hupanda kifuani hadi usoni, moyo hwenda mbio, na machozi au hasira huja bila hodi. Sonona nayo hupata upenyo katika kipindi hiki, hasa kwa aliyewahi kuugua hapo nyuma. Kwa hiyo nenda ukaonane na daktari na umweleze yote, usitaje usingizi tu. Apime wingi wa damu, shinikizo, sukari, na ikiwezekana tezi ya shingo, maana tezi hiyo ikifanya kazi kupita kiasi au chini ya kiasi huleta dalili zinazofanana sana na hizo zako. Hedhi ikiwa nzito kuliko ulivyozoea, usivumilie. Na ikishakatika miezi 12 mfululizo, damu yoyote itakayoonekana baada ya hapo ipeleke hospitali bila kuchelewa. Kuna matibabu ya dalili hizi, ya homoni na yasiyo ya homoni, na daktari atakupimia lipi linakufaa kulingana na afya yako.

Lakini homoni haikukuandalia jibu. Ninavyoona, usingizi mchache umekupunguzia nguvu za kuficha, nguvu ulizozitumia miaka 24 kutabasamu mahali ulipotaka kusema. Ukitibiwa ukalala vizuri, fomu ile itabaki ilivyo na shemeji atabaki na biashara asiyokuonyesha vitabu vyake. Mtu akikwambia tena ni umri, mjibu kwa upole kwamba umri wako umekwenda hospitali, na nyumba haisainiwi.

Jiandae pia kwamba mambo yatazidi kabla hayajapungua. Wanasaikolojia wa tabia wanalijua hili tangu zamani: tendo lililozoea kulipwa, malipo yakikatika, halifi papo hapo. Kwanza huongezeka nguvu. Mtoto aliyezoea kupewa pipi kwa kulia, siku ya kunyimwa hulia zaidi ya siku zote. Kutolewa kwenye grupu na simu isiyopokewa ni mambo ya hatua hiyo. Huenda yakafuata kikao cha wazee, presha ya mama mkwe kupanda, na maneno ya kwamba umesoma ndiyo maana una kiburi. Hatari kubwa iko hapa. Ukikataa mara tatu, ya nne ukachoka ukakubali, utakuwa umewafundisha kwamba kwako watu huomba mara nne, na safari ijayo hawatakata tamaa mapema.

Ndiyo maana nakusihi ukatae machache. Nimeona wanawake waliopata ujasiri kwa mara ya kwanza wakafunga kila kitu ndani ya wiki moja: wameacha uhazini, wamewarudisha watoto wa ndugu kijijini, wamekata michango, wamenuna. Baada ya muda majuto huwazidi, wanarudia yote na kuongeza mengine ya kuombea radhi. Kwa mwaka huu shika mawili tu: nyumba haiwekwi dhamana, na huchukui mkopo kwa jina lako kwa ajili ya mtu mwingine. Uhazini, wageni, harusi, viache kwanza vilivyo. Haya mawili ukiyashika bila kuyumba, watu wataanza wenyewe kukuuliza kwa adabu kabla ya kukupangia.

Kuhusu namna ya kusema, najua kwetu kukataa kwa neno moja kavu ni sawa na kutukana. Huna haja ya kutukana. Jibu la kwanza kwa ombi lolote zito liwe, "Nimekusikia shemeji, nipe hadi Jumamosi." Unapata siku za kufikiri, na kile kiherehere cha kutaka uso wake ung'ae hapo hapo kinapoa. Jumamosi ikifika mpigie wewe, usingoje akutafute, umwambie: "Hili sitaliweza. Nakuombea heri." Kisha mwulize habari za watoto. Akirudia, rudia maneno hayo hayo. Usitafute maneno mapya.

Na visingizio, mdogo wangu, viache. Ukisema huna hela kwa sasa, utaambiwa basi mwezi ujao. Walimu wenzako hupenda kusema mshahara umeshafika moja ya tatu na haukopesheki tena. Huenda ikawa kweli, lakini deni likikaribia kwisha ndugu watajua tarehe kabla yako. Sababu inayoisha hulazimika kutafutiwa nyingine, na kila unapotoa nyingine unaonekana mwongo, wakati kosa lako ni kukosa kusema jambo lilivyo.

Nije kwa mumeo. Barua yako imempitia haraka, nami nadhani hapo ndipo penye kiini. Alikuletea fomu usaini. Je, yeye aliutaka mkopo ule? Fikiri vizuri kabla ya kujibu. Wanaume wengi ambao ni kaka wakubwa hawawezi kumkatalia mama yao wala wadogo zao. Wamelelewa hivyo, kama wewe ulivyofundwa hivyo. Basi kila ombi hulipitisha kwa mke. Mke akikubali, kaka ameonekana mwema. Mke akikataa, kaka bado ni mwema, mbaya ni mke. Miaka 24 uitikiaji wako ulimhifadhi asije akalazimika kuchagua. Siku ulipokataa, alibaki mbele ya mdogo wake bila pa kujificha, na ninavyohisi ndiyo maana anasema umebadilika.

Tafuta wakati ambao hamna hasira, mbali na watoto, umwulize swali moja: "Mdogo wako akishindwa kulipa, tutahamia wapi?" Umwache ajibu. Usimsaidie kujibu, hata kimya kikiwa kirefu. Kisha umwombe jambo moja: popote pale, kwa mama, kwa wadogo, kwa wazee, aseme "tumeamua." Asiseme "mama watoto amekataa." Akiweza hilo tu, nusu ya vita vya mawifi imekwisha, kwa sababu wanachopigania ni ufa waliouona kati yenu. Asipoweza, usimtangazie ubaya. Endelea na mambo yako mawili, na suala la nyumba mpeleke kwa mtu mnayemheshimu wote wawili: msimamizi wa ndoa yenu, mjomba wake, au kiongozi wenu wa dini.

Na kama katika nyumba yenu kuna kipigo au vitisho ambavyo hukuviandika, mengi ya niliyosema hapo juu yasubiri. Hapo kwanza ni usalama wako. Vituo vya polisi vina dawati la jinsia na watoto. Nenda, au mweleze ndugu yako wa damu unayemwamini. Na ukisikia kwamba kuna fomu imepelekwa benki bila wewe kujua, wasilisha pingamizi lako kwa maandishi, ubaki na nakala iliyogongwa mhuri. Kifungu kile kile cha 59 kinakutambua kuwa na maslahi katika nyumba ya ndoa ambayo unaweza kuyalinda kwa kuweka zuio kwenye usajili wa ardhi.

Mama mkwe usimpigie tena. Mwendee. Beba sukari na sabuni kama unavyobeba siku zote, msalimie kama siku zote, kaa naye jikoni, na habari ya mkopo usiianze wewe. Akiianza yeye, mwambie: "Mama, wewe ni mama yangu, na nyumba ile ni ya wajukuu zako. Siwezi kuiweka rehani." Basi, rudi kwenye mboga. Atanuna, labda kwa muda mrefu. Lakini ataona kwamba uliyekataa ni wewe yule yule anayekuja kumwona, na hilo mawifi hawawezi kulipinga kwa maneno.

Haya, sheria. Hujachelewa, lakini sitakupamba, nikupe hali ilivyo. Katika utumishi wa umma kustaafu kwa lazima ni miaka 60, kwa hiari 55, hivyo bado una muda mrefu wa kulipwa mshahara huku unasoma. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya 1992, kikapokea wanafunzi kuanzia 1994, na kiliundwa kwa ajili ya watu kama wewe, wenye kazi na familia. Kina vituo mikoani, Morogoro ikiwamo. Nenda na vyeti vyako uulize unaingilia ngazi gani. Ujue pia kwamba shahada ya sheria peke yake haikufanyi wakili. Baada yake kuna Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, Dar es Salaam, na huko mtu huhitaji kuwa huru kwa kipindi. Wengi hawaambiwi mapema, wanaumia mwishoni.

Kuna njia fupi ambayo ningependa uitazame kwanza. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, yaani watu waliopata mafunzo maalumu wakawasaidia wananchi katika mambo ya mirathi, ndoa na ardhi bila kuwa mawakili. Mwalimu anayeaminika mtaani, anayejua kuandika na kusikiliza, ana mtaji mkubwa wa kazi hiyo. Ukiifanya kwa muda utajua kama unaitaka sheria yenyewe au ulikuwa unataka tu kuondoka nyumbani. Yote mawili yanasameheka, ila yana gharama tofauti. Na mapema kabisa utakutana na kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ya 1983, ambapo Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za mke nyumbani ni mchango katika kupatikana kwa mali ya ndoa. Isome polepole. Utaijua kwa mwili wako kabla hujaijua kwa vifungu.

Unapowaza umri, mkumbuke Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab. Alizaliwa Fumba, Unguja, karibu na 1880, akauza vyungu, akahamia mjini 1911, na alipokwenda Bombay kurekodi nyimbo 1928 alikuwa anakaribia miaka 50. Kati ya kuhamia na kurekodi ni miaka 17 ya kujifunza, huku watu wakimsema kwa asili yake ya ufinyanzi. Hakungoja waache.

Usitangaze. Mwanamke akitangaza kwamba sasa anaanza maisha mapya, ukoo mzima hukaa kikao kuyajadili. Anza na saa. Chagua jioni mbili za wiki, tuseme Jumanne na Alhamisi, saa kumi na mbili hadi saa mbili usiku, uwe umekaa na vitabu mahali ambapo hutaitwa. Darasa lako la shule baada ya vipindi linafaa kama jioni kuna mlinzi na njia ni salama. Fungua akaunti yako ya ada, hata kama unaweka kidogo, na isiwe ile ya kikoba ambayo wenzako wanajua fedha zake hutoka siku gani. Mumeo mwambie, kwa sababu hufichi chochote. Chakula cha jioni hizo mbili atapika mwanao wa miaka 22. Mwonyeshe mara moja tu unga uko wapi na mchicha unanunuliwa kwa nani, halafu uondoke hata kama anakuita.